Nje ya Nyumba ya Ogoti

Kila asubuhi, baada ya chai, Ondieki alitoa kiti chake cha mbao uani akakaa kuhesabu vitu. Alianza na vya karibu: mlango wa jiko, kamba ya kuanikia nguo, ule mgomba uliopinda. Kisha lango. Kisha mkaratusi wa mpakani. Mwisho kabisa lilikuja tanki la maji la jirani yake Machogu, jeusi, lililokaa juu ya mawe upande wa pili wa bonde. Jumatatu moja ya mwezi wa kumi na moja alihesabu mara mbili, kisha akaita.

"Mama Ogoti."

"Ee."

"Tanki la Machogu limeenda."

Orpah alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye leso. Tanki lilikuwa pale pale. Machogu mwenyewe alikuwa amepanda juu yake, anafunga bomba kwa kipande cha mpira.

"Limeenda wapi?"

"Kule paa la kanisa lilikoenda."

Orpah hakusema kwamba yeye analiona. Alirudi jikoni akapunguza moto chini ya maharagwe.

Daktari wa macho alikuwa ameshawaeleza. Ni presha ya macho. La kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia limebakiwa na tundu kama la bomba, na tundu lenyewe linafifia. Dawa ya matone ingelishikilia kwa muda. "Lakini kufika Pasaka, mzee, sikuahidi kitu," alisema daktari, kisha akamwandikia chupa mbili na kumwonyesha dirisha la kulipia.

Ondieki alikuwa amekwisha kuona karibu kila kitu alichotaka kuona. Kilichobaki ni kimoja. Kitinda mimba wao, Ogoti, alikuwa fundi wa friji katika hoteli moja ya Unguja, na huko alioa msichana wa huko anayeitwa Laila. Jambo la dini lilisemwa mwaka juzi, likaisha. Sasa walikuwa na mtoto wa kiume wa miezi miwili, wakamwita Haron, jina ambalo pasta hakuwa na neno juu yake na imamu pia hakuwa nalo. Ondieki alikuwa ameonyeshwa mtoto huyo kwenye simu mara nyingi. Aliona mwanga.

"Nataka nimuone huyo mtoto," alisema siku hiyo wakila, "kabla hajawa sauti tu."

Binti yao Sharon, aliyeshona sare za shule pale soko la Ekerenyo, aliuliza kwa nini Ogoti asimlete.

"Likizo yake ni baada ya Pasaka," alisema Orpah. "Mvua ikifukuza wazungu."

"Na ndege?"

Sharon mwenyewe alitoa simu akatafuta nauli ya ndege. Aliitazama kidogo, akairudisha simu mfukoni, akaomba aongezewe mboga.

*

Hafiz alikuja Jumapili. Alikuwa kijana wa mjini Kisii, mama yake, Mulki, aliuza leso karibu na msikiti, naye kila baada ya miezi miwili alikwenda Dar es Salaam na gari lake la Noah kuchukua mzigo. Kwenda, viti vilikuwa vitupu, kwa hiyo alibeba watu. Alijua kila tuta la barabara kutoka Sirari mpaka baharini.

Kwa kuwa Ondieki hakuweza kuona ramani, Hafiz alimpangia moja kwa vyombo juu ya meza.

"Mzee, lete mkono. Hiki kikombe ni hapa Ekerenyo. Hii bakuli ya sukari ni Sirari, mpakani. Kijiko ni Shinyanga, tunalala hapo Jumatano. Thamosi ni Dodoma, tunalala Alhamisi. Kisahani ni Dar. Na hii sahani ya njugu ndiyo Unguja."

Ondieki alivipitia kimoja kimoja. Kati ya kisahani na sahani ya njugu mkono wake ukakuta kitambaa tupu, kile ambacho Orpah alikifuma kwa sindano mwaka waliohamia nyumba ya mabati.

"Na hapa katikati?"

"Hiyo ndiyo bahari."

Aliipapasa kwenda na kurudi. "Si pana."

"Saa mbili kwa boti, mzee."

"Na Sabato?" aliuliza Orpah.

"Nimeipanga, mama. Ijumaa saa saba tunasimama Morogoro kwa ajili yangu, niswali. Ijumaa jioni kabla jua halijazama tuko Dar, tunasimama kwa ajili yenu. Jumamosi nzima hakuna anayeguswa. Jumapili boti."

Orpah aliandika hayo yote katika daftari la mraba, kwa herufi za kuunganisha alizofundishwa darasa la tatu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka Omosa alipoweka kikombe chini.

Omosa alikuwa kaka mkubwa wa Ondieki. Hakuwa amealikwa, lakini aliona gari geni likiingia. "Mimi nauliza kitu kimoja tu," alisema. "Mkifika, wewe utakaa wapi?"

Wote, isipokuwa Hafiz, walijua anauliza nini. Baba haingii nyumba ya mtoto wake aliyeoa. Si kwa ubaya. Ni heshima, ile inayoitwa chinsoni, na imekuwepo kabla ya chai na kabla ya kanisa. Ekerenyo haikuwa na shida, maana nyumba ya baba iko hatua ishirini kutoka ya mtoto, na wakitaka kuonana wanaonana uani. Hakuna aliyewahi kuhitaji kufikiri ingekuwaje kama uani hakuna.

"Hata akiwa mgonjwa haingii?" aliuliza Hafiz.

"Hata nyumba ikiungua," alisema Omosa. "Atamwaga maji kupitia dirishani."

Wakampigia Ogoti, simu ikawekwa katikati ya Dodoma na Dar.

"Ogoti," alisema Ondieki, "nje ya nyumba yako kuna nini?"

"Nje wapi, Tata?"

"Nje. Ukifungua mlango."

"Mimi niko juu. Kuna ngazi."

"Baada ya ngazi?"

"Mlango wa chini. Halafu njia ya watu."

"Uani?"

"Hakuna uani, Tata. Huku Ng'ambo nyumba zimeshikana."

Sauti ya Laila ikaingia, laini, ya watu wa pwani. "Shikamoo, baba."

"Mzuri," alijibu Ondieki.

Omosa alisema ndiyo maana yeye aliuliza. Orpah, ambaye kama mama aliruhusiwa kuingia popote mwanawe alipo, alimuuliza Ogoti kama hizo ngazi zina mwanga.

"Kuna taa, lakini ndogo."

"Weka kubwa," alisema Orpah. "Baba yako atalala gesti. Mtoto ataonyeshwa kwenye ngazi."

Akaandika katika daftari: *taa*.

*

Pasipoti ilihitaji alama za vidole. Walikwenda mjini siku ya mvua, wakapanga foleni tangu saa moja. Zamu ya Orpah ilipofika, kijana wa mashine alimwambia aweke kidole. Akaweka. Kijana akamwambia abonyeze. Akabonyeza.

"Mama, huna vidole."

"Ninavyo kumi."

"Mashine haivioni. Vimelambwa. Havina mistari."

Watu wa nyuma walinyoosha shingo. Orpah alivitazama vidole vyake. Vilikuwa vyeusi kwenye ncha, laini kama kokoto za mtoni, kwa sababu vilikuwa vimechuma majani ya chai tangu kabla ya kijana huyo kuzaliwa.

"Nimefanya kazi navyo," alisema.

"Sikatai, mama. Nenda vipumzishe wiki mbili. Usiguse chai, usiguse jembe. Paka mafuta ya kukamulia ng'ombe asubuhi na jioni. Halafu urudi. Mzee, wewe weka."

Vidole vya Ondieki vilisomwa mara moja, vyote kumi, safi. Kijana akamsifu.

"Na wewe hukuchuma chai?"

"Mimi nilikuwa nasimamia," alisema Ondieki.

Wiki mbili hizo Orpah alikaa barazani na mikono inayoteleza, akatazama wengine wakifanya kazi yake. Sharon alichuma kabla ya kwenda sokoni, akachuma vibaya, akivunja na mabua. Siku ya tatu Ondieki alishuka shambani mwenyewe, akajifunga kikapu mgongoni. Alichuma kwa kupapasa, majani mawili na chipukizi. Karani wa kituo cha kununulia majani alipolimwaga fungu lake, aliuliza nani amechuma, maana halikuwa na jani baya hata moja.

"Ni mzee ambaye haoni," alisema Sharon.

Karani alidhani anatukanwa, akaliandika bila kusema zaidi.

*

Mwezi wa kwanza pasipoti zilitoka. Zilikuwa buluu, na Orpah alizifunga kwa plastiki ya mkate. Hafiz akataka jambo moja zaidi: barua ya mwenyeji. "Mpakani wanaweza kuuliza mnafikia kwa nani. Ukiwa na barua, unaonyesha, unapita. Usipokuwa nayo unaanza kueleza, na mzee akianza kueleza tutalala Sirari."

Ogoti aliituma barua kwa simu. Sharon akaichapisha sokoni, akaileta nyumbani, na baba yake akamwambia amsomee. Siku hizi alisomewa kila kitu, hata maandishi ya pakiti ya sukari, kwa sababu hakupenda kitu kiingie nyumbani bila yeye kujua.

Sharon alisimama mlangoni penye mwanga. "'Mimi Mwanakhamis binti Juma, mkaazi wa Ng'ambo, Unguja, nathibitisha kuwa wazee hawa wawili ni wakwe zangu...'" Akanyamaza.

"Endelea."

"'...na watafika Unguja kwa salama. Wasalaam.'"

"Barua fupi."

"Ndiyo, Tata."

"Huyo Mwanakhamis ni nani?"

"Mama ya Laila."

"Kwa nini asiandike Ogoti?"

"Ogoti si raia wa huko."

"Ni kweli," alisema Ondieki. Sharon akaikunja barua mara nne, zaidi ya ilivyohitaji, akaitia pamoja na pasipoti.

Jumamosi hiyo, jua lilipozama na Sabato ikaisha, Laila alipiga simu. Alianza kwa kuuliza habari za kila mtu, na za ng'ombe. Kisha akasema, "Baba, samahani sana. Mama amesikia habari ya ngazi. Anasema mtoto mchanga haonyeshwi ngazini kama samaki. Kuna upepo, kuna wapita njia, na macho ya watu si mazuri. Anasema wageni wataingia ndani, watakaa, watakunywa, ndipo mtoto aletwe."

"Mwambie mama amesema vizuri."

"Kwa hiyo mtaingia, baba?"

"Hapana."

Huko Unguja ikasikika pikipiki ikipita. Laila akasema, "Haya, baba," kwa sauti ndogo, akaaga.

Yeye haingii, na mtoto hatoki. Ondieki alikaa na jambo hilo mpaka chakula kikapoa. "Mwambie Hafiz atafute watu wengine wa kujaza gari," alisema. "Wewe unaweza kwenda. Uende umuone, urudi uniambie."

"Nikuambie nini?" alisema Orpah. "Kwamba ana macho mawili?"

Asubuhi iliyofuata Ondieki alihesabu vitu vyake. Mkaratusi haukuwepo. Lango lilikuwepo likiwa wazi, na lilipofungwa hakuweza kulitofautisha na ua.

*

Orpah aliikuta barua Jumatatu, alipokuwa akihamisha pasipoti kutoka mezani kwenda ndani ya sanduku, kwa kuwa hazingetumika. Aliona imekunjwa mara nne, akashangaa kwa nini. Alivaa miwani akaisoma kwa kidole, neno kwa neno. Kisha akavaa viatu vya kutokea akaenda sokoni.

Sharon alikuwa kwenye cherehani, anatia kola.

"Barua ulisoma kama mtu anayeruka madimbwi," alisema Orpah.

Sharon hakuinua uso. "Mama, ningemsomea nini? Kwamba mtoto wake ameolewa?"

"Usiseme hivyo."

"Si mimi nasema. Ndivyo watu watasema. Mwanaume mzima anakaa kwa mama mkwe! Bure! Machogu akisikia, atatangaza kutoka juu ya lile tanki."

"Machogu atasikia tu," alisema Orpah. "Mimi najiuliza kama baba yako ataona."

Sharon alikata uzi kwa meno. "Itamuua, Mama."

"Haitamuua. Mtu hauawi na jambo kama hilo. Atanyamaza siku tatu, nimezoea." Alichukua sare moja iliyokwisha, akaikunja vizuri, akairudisha mahali pake. "Nyinyi watoto mnatuficha mambo mpaka mnafunga na milango ambayo ilikuwa wazi."

Alimkuta Ondieki shambani, katikati ya mistari ya chai, na kikapu mgongoni. Alikuwa ameendelea kuchuma hata baada ya zile wiki mbili kwisha. Hakuna aliyemkataza.

"Ogoti hana nyumba," alisema Orpah.

Mikono ya Ondieki haikusimama. "Amefukuzwa?"

"Hakuwahi kuwa nayo. Anakaa kwa mama ya Laila. Chumba cha juu."

"Analipa kodi?"

"Halipi."

"Basi hata mpangaji si yeye."

"Si yeye."

Ondieki alitupa majani kikapuni juu ya bega. Alisogea kichaka kimoja, kisha kingine. Orpah alimfuata upande wa pili wa mstari. Jirani mmoja alipita njiani akawasalimu, wakaitikia.

"Mwaka mzima," alisema Ondieki, "ananiambia 'kwangu, kwangu'."

"Alikuwa anaona haya."

"Alikuwa na haki ya kuona haya." Alichuma tena kidogo. Kisha akauliza, "Hiyo barua unayo?"

"Ninayo."

"Soma. Yote. Polepole."

Orpah alisoma, amesimama katika chai inayomfika kiunoni. "'Mimi Mwanakhamis binti Juma, mkaazi wa Ng'ambo, Unguja, nathibitisha kuwa wazee hawa wawili ni wakwe zangu na watafikia nyumbani kwangu. Nyumba hii ni yangu mimi, nimeirithi kwa marehemu baba yangu. Mtoto wao Ogoti naye anakaa humu pamoja na mkewe, chumba cha juu, bila ya kodi, tangu walipooana. Watafika Unguja kwa salama. Wasalaam.'"

"Hapo pa nyumba. Rudia."

Alirudia. Mara ya kwanza uso wa Ondieki ulikuwa kama wa mtu anayesikia jina lake likisomwa kwenye orodha ya walioshindwa. Mara ya pili ulikuwa kama wa fundi anayepima ubao.

"Mwite Omosa," alisema.

"Omosa akijua, soko lote litajua kesho asubuhi."

"Najua. Mwite."

*

Omosa alisikiliza yote bila kukatiza, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alikula ndizi mbili. Aliuliza kama nyumba ni ya mama au ya ukoo, na kama huyo mama ana mume. Aliambiwa ni mjane.

"Aibu ni aibu," alisema mwishoni. "Hiyo tuiweke kando, tutairudia. Lakini nyumba ya mkwe si nyumba ya mtoto. Kwa mkwe mtu anaingia, ana heshima zake, anapewa kiti. Hiyo haina neno."

Orpah aliachia pumzi.

"Lakini!" Omosa aliinua kidole. "Isiwe mambo ya nusu. Kama Ogoti ana hata kitanda chake mle ndani, ni nyumba yake. Mwenye nyumba aseme mwenyewe, mlangoni, mbele ya shahidi. Na kwa wakwe mtu haendi peke yake. Anakwenda na ndugu."

"Unasema utakuja," alisema Ondieki.

"Mimi sipendi. Lakini ndivyo ilivyo." Pasipoti alikuwa nayo, aliichukua miaka minne iliyopita kwa ajili ya mkutano wa kanisa Rwanda, na ilikuwa ndani ya mfuko wa koti lake hapo hapo. "Nitakaa mbele na dereva?"

"Mbele ni pa jicho la mdogo wako," alisema Orpah.

Wakampigia Ogoti. Ondieki alimsalimu kwa ufupi.

"Nimesomewa barua. Yote."

"Tata, mimi nilikuwa nataka..."

"Ngoja. Humo chumbani una kitu gani chako?"

"Vyombo ni vya mama. Kabati ni la Laila. Kitanda nilinunua mimi."

"Mpe mama mkwe wako. Leo. Mbele ya mtu."

"Nimpe kitanda changu?"

"Na usinunue kitu kingine mpaka nifike. Hata stuli. Umesikia? Nataka nikukute huna kitu."

Ogoti alisema amesikia. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa darasa la nne. Kabla ya Sabato nyingine Ekerenyo yote ilikuwa imejua, na mwanamke mmoja pale kwenye kituo cha chai alimuuliza Orpah kama watapeleka ng'ombe kumlipia Ogoti au wao ndio watapokea. Orpah alimjibu kwamba gari la Hafiz ni dogo, ng'ombe haingii.

*

Waliondoka Jumatano alfajiri, mwezi wa pili, Sharon akibaki na ng'ombe na funguo. Walibeba unga wa wimbi, majani ya chai, na mkungu wa ndizi ambao Orpah aliukalia macho kila kituo. Mpakani afisa aliisoma barua ya Bi Mwanakhamis kimoyomoyo, akamtazama Ondieki kwa huruma, akagonga mhuri. Hafiz alisimama Morogoro kwa ajili yake, akasimama Dar kwa ajili yao. Jumamosi hakuna aliyeguswa. Jumapili, kwenye boti, Omosa alifumba macho tangu kamba ilipofunguliwa mpaka ilipofungwa tena. Ondieki alikaa dirishani, akigeuza kichwa taratibu, anaipitisha bahari kwenye lile tundu kidogo kidogo.

"Si kama kitambaa," alimwambia Hafiz, aliyekuwa ameacha gari Dar.

Ogoti aliwapokea bandarini. Alikuwa amenenepa. Alishika mizigo yote peke yake na hakumtazama baba yake usoni, na Ondieki naye hakumrahisishia. Njiani Hafiz aliwaonyesha misikiti.

Nyumba ilikuwa na mlango wa mbao wazi, na ndani yake ngazi nyembamba zikipanda. Juu ya ngazi iliwaka taa kubwa nyeupe. Bi Mwanakhamis alisimama ngazi ya tatu, mwanamke mfupi mwenye kanga mbili na miwani. Majirani watatu walikuwa wametoka milangoni mwao, kwa kuwa wageni wa bara hawaji kila siku.

"Karibuni, karibuni sana. Piteni ndani."

Ondieki alisimama kizingitini, fimbo mbele. "Asante, mama. Kwanza nauliza. Hii nyumba ni ya nani?"

Laila alikuwa amemweleza mama yake jambo hili, lakini kulisikia mlangoni ni kitu kingine. Bi Mwanakhamis alirekebisha kanga. "Nyumba yangu mie. Na kabla yangu ya marehemu baba yangu."

"Si ya Ogoti?"

"Ogoti hana hata msumari humu."

Majirani walisikia. Mmoja aliguna. Ogoti aliangalia viatu vyake, mkungu wa ndizi begani.

"Kitanda?" aliuliza Omosa.

"Alinipa. Mbele ya sheha wa mtaa."

Ondieki aliinua mguu. Omosa akamshika koti.

"Na hiyo taa?"

Wote wakaangalia juu. Bi Mwanakhamis aliitazama taa, akamtazama Ogoti, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, akasema, "Taa kaiweka yeye. Wiki iliyopita."

Orpah aliangalia pembeni. Ilikuwa imeandikwa katika daftari lake kwa mkono wake mwenyewe.

Ogoti aliweka ndizi chini. Alipanda ngazi zote, akasimama kwa ncha za vidole, akaifungua ile taa ikiwa moto, akiishika kwa pindo la shati. Giza likashuka ngazini. Akateremka nayo, akapita kati ya majirani, akasimama nje njiani, anaipuliza.

"Sasa?" aliuliza Ondieki gizani.

"Sasa hana kitu," alisema Bi Mwanakhamis.

"Hodi," alisema Ondieki.

"Karibu ndani, baba."

Alipanda akiwa ameshika bega la Orpah, akihesabu ngazi kwa mguu. Zilikuwa kumi na nne. Juu alipewa kiti karibu na dirisha, akanywa maji, akanywa na chai ya tangawizi, akaulizwa habari za njia akajibu zote, na Omosa akajibu tena. Ndipo Laila akatoka chumbani na mtoto.

"Mleteni upande wa kulia," alisema Ondieki.

Walimweka mapajani, kichwa kwenye mwanga. Ondieki aliinama mpaka pumzi ya mtoto ikamgusa shavuni. Alianza na vya karibu, kama kawaida yake: sikio, nyusi moja, nyusi ya pili. Pua. Mdomo, uliokuwa ukipiga mapovu. Kidevu. Mkono, na vidole vyake, ambavyo alivifungua kimoja kimoja. Chini njiani sauti ya Ogoti ilisikika ikimweleza jirani kitu kuhusu wati. Ondieki alihesabu mara mbili, kisha akaita.

"Mama Ogoti."

"Ee."

"Vipo vyote."